Mawe ya Buganguzi

Mimi sina sababu ya kudanganya. Anayedanganya ni mtu anayetafuta kitu, na mimi nilivyokuwa navitafuta nimeshavipata vyote. Nina malori matatu ya kubeba mawe na kokoto. Nina nyumba Nshambya, hapo Bukoba mjini, yenye paa jekundu ambalo abiria wa ndege wanaliona kabla hawajaliona ziwa. Na haya nimeyapata nikiwa nimeishia darasa la nne. Kusoma vizuri nilijifunzia kwenye mifuko ya saruji. Kwa hiyo nikikuambia kwamba bibi yangu, tuliyemzika nikiwa na miaka minane, aliingia katikati ya tamthilia ya televisheni na kuibadilisha hadithi mbele ya kamera mbili, ujue nakuambia kilichotokea. Nilikuwepo. Mdomo wangu una ushahidi, nitakuambia mwishoni.

Na usisubiri usiku. Najua watu wamezoea mzimu uje wakati bundi analia. Huyu wetu alikuja saa tisa alasiri, jua linawaka, kuku wanachakura uani. Hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa kulala mapema.

Nianzie nyuma kidogo, maana bila huko hutaelewa kwa nini watu wazima walilala kifudifudi kwenye sakafu ya mama yangu.

Kwetu ni Buganguzi, Muleba. Bibi yangu, Ma Koku, mzaa baba, alikuwa na kikapu kidogo cha kusukwa ambacho hakikuwahi kukaa kitupu. Ndani mlikuwa na akamwani, ile kahawa ya kutafuna, inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikaanikwa. Ukiingia kwa Mhaya, kabla hujaulizwa umetoka wapi, unapewa punje mbili tatu utafune. Kwa Ma Koku hiyo haikuwa adabu tu, ilikuwa sheria. Alimpa padri, alimpa mwenyekiti wa kijiji, alimpa hata jirani aliyekuja kugombana naye juu ya mpaka wa shamba, na akasubiri amalize kutafuna ndipo akamjibu.

Alipokufa, baba yangu akakipandisha kile kikapu juu kwenye mtambaapanya. Akasema kahawa ni ya kuuza, si ya kutafunwa na kila mpita njia. Wiki haikuisha. Vifuniko vya sufuria vikaanza kuruka. Kigoda cha bibi kikatembea peke yake kutoka ukutani hadi mlangoni, kama mtu mzima anayejivuta. Na kila mgeni aliyeingia alipigwa na punje za kahawa, kichwani, mgongoni, hajui zinatoka wapi. Punje za kahawa, sikiliza vizuri. Jiwe hata moja hatukuliona.

Basi mawe yalitoka wapi? Hapo ndipo penye aibu yangu.

Alikuja mwandishi wa gazeti kwa pikipiki kutoka Bukoba mjini. Hakuwa mtu wa kwetu, Kihaya hakujua hata salamu. Wakubwa wengi walikuwa wamekimbilia migombani. Mimi nilibaki mlangoni, maana tangu zamani napenda kuwa mbele. Kiswahili changu kilikuwa cha darasa la pili, cha kuimba zaidi kuliko kuongea. Akaniuliza, "Mnarushiwa nini?" Wakati huohuo kibuyu kikapita sikioni kwangu, vuuu! Nikapiga kelele, "Mawe!"

Sasa wewe usiye Mhaya, nikufundishe. Kwetu mawe ni mama. Nilikuwa namwita mama yangu aje aniokoe. Yeye akaandika mawe.

"Makubwa?" akauliza.

Nikadhani anauliza kama mama yangu ni mkubwa. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, ya miezi minane. Nikamjibu kwa neno lake mwenyewe, "Makubwa sana!"

"Yanatokea wapi?"

Mama nilikuwa nimemwacha jikoni. Nikasema, "Jikoni."

"Nani anarusha?"

"Bibi."

Basi gazeti likatoka: bibi mchawi, marehemu, arusha mawe makubwa kutoka jikoni.

Jioni ya siku ileile mwandishi alipoondoka, mama alipanda juu ya kiti na tumbo lake lile, akakishusha kikapu, akatia kahawa, akakiweka juu ya kigoda mlangoni. Vitu vikatulia palepale. Lakini gazeti ukishalipandisha halishuki. Watu walikuja kutoka mbali kuyatazama mawe. Wasipoyaona walisema tumeyaficha. Wanawake wa jumuiya ya kanisa wakaacha kuja kusali kwetu. Ma Koku akawa Bibi wa Mawe, watoto watukutu wakatishiwa kwa jina lake. Na mama yangu, aliyempenda yule mkwewe kuliko wengi wanavyowapenda mama zao wa kuwazaa, akalibeba jambo hilo miaka arobaini.

Na mimi? Mimi nililipanda kama lori. Nikawa Mtoto wa Mawe. Nilipofika darasa la nne nikalisoma lile gazeti mwenyewe, nikaelewa kosa lilipo, lakini wakati huo nilikuwa nimeshakuwa maarufu, na umaarufu ni mtamu kuliko ndizi ya kuiva. Nilipoanza kuponda kokoto kwa nyundo, wateja walikuwa wananijua tayari. Ndiyo maana malori yangu yote yamechorwa nyuma kwa herufi kubwa: MTOTO WA MAWE. Niambie wewe, mtu mwenye jina la biashara kama hilo analiachaje?

Mwaka juzi wakaja watu wa tamthilia. Dairekta wao alikuwa binti mmoja wa Dar es Salaam, Salha, mwembamba, mkali, asiyekaa chini. Lile gazeti alilipata sijui wapi. Akanikuta dukani kwangu Bukoba. "Baba, shikamoo. Tunatengeneza tamthilia ya kisa cha kweli, na shahidi ni wewe." Nikamvutia kiti. Nikampa mawe yote aliyoyataka na mengine ya nyongeza. Alifurahi mpaka akaniambia nitaigiza kama baba yangu mzazi. Mimi! Kwenye televisheni! Nilishona suti wiki ileile, ingawa marehemu baba hakuwahi kuvaa suti hata siku ya ndoa yake.

Nikaenda Buganguzi kumpa mama habari njema. Alikuwa anamenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Na mkwe wangu atakuwa nani humo?"

"Mzimu, mama."

"Mzimu wa namna gani?"

"Wa... kichawi kidogo."

Akaweka kisu chini. "Jina hilo ulimvisha wewe. Mlangoni pangu hapo, kwa mdomo wako huo. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mtoto. Sasa una mvi. Nenda ukamvue kabla hawajamwonyesha nchi nzima. Usipomvua nitakufa nikiitwa mkwe wa mchawi, na wewe utanizika hivyo, na suti yako."

Unauona mzigo? Kumvua bibi ilikuwa ni kujivua mimi. Nikamwahidi mama nitasema. Nikaenda kweli kwa Salha, nikafungua mdomo, na nikajikuta namweleza kwamba kulikuwa na jiwe moja lenye ukubwa wa mbuzi.

Siku ya kupiga picha walifika Buganguzi kwa mabasi madogo mawili, na jenereta, na viroba vya mawe ya sponji yaliyopakwa rangi ya kijivu. Mimi kama mtaalamu niliwaambia rangi si yenyewe. Walifunga nyuzi nyembamba juu, fundi akivuta, jiwe linaruka. Kazi nzuri, siwezi kuikataa. Wa kuigiza Ma Koku alikuwa Bi Mwanaidi, mwigizaji mtu mzima wa Tanga, mcheshi, Kihaya chake sifuri. Asubuhi alikuwa ameonyeshwa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wa kukaanga, akapanda juu ya kiti.

Kikapu cha Ma Koku kilikuwa bado palepale mlangoni juu ya kigoda, kama mama alivyokiweka miaka ile. Salha akakipenda. Akaimimina kahawa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukapelekwa kwenye basi, na kikapu kitupu akakipigilia ukutani juu kabisa, karibu na dari, pamoja na ungo na mkuki ambao sijui waliutoa kabila gani.

Mama akaja mpaka kizingitini. "Mjukuu wangu, hicho kishushe. Na hamjatafuna."

"Bibi, kinapendeza pale," Salha akajibu kwa heshima kabisa. "Tutatafuna tukimaliza. Jua linatukimbia."

Mama akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia vifungo vya suti yangu. Akatoka, akaenda kukaa kwenye mkeka migombani, ametugeuzia mgongo.

Basi ikafika saa tisa. Nimesimama katikati ya sebule, mimi ndiye baba yangu. Bi Mwanaidi yuko kona ya kwenda jikoni, amepakwa unga usoni, kazi yake ni kujitokeza na kusema, "Mimi ndiye mchawi wa nyumba hii, nitawaponda wote!" Salha akapaza sauti, "Ekshen!" Fundi akavuta uzi.

Jiwe la sponji likapanda. Likafika usawa wa kichwa changu. Halafu likasimama.

Fundi akavuta tena. Uzi ukakatika, ukaanguka sakafuni. Jiwe halikuanguka. Liligeuka taratibu kama mtu anayetafuta mlango gizani, likaupata, likatoka nje. Kiroba cha kwanza kikafunguka chenyewe, cha pili kikafuata, na mawe yale yakatoka yote, moja nyuma ya jingine kama watoto wa shule wanaopelekwa misa, yakajipanga uani chini ya mparachichi. Kuku mmoja akaruka akatua juu ya la kwanza. Unadhani nani alicheka? Bi Mwanaidi. Alidhani ni ufundi. "Jamani, nyie mafundi mnatisha!"

Halafu akafungua kinywa aseme maneno yake, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Masikio yangu yaliijua kabla ya akili. Sauti nene, yenye mkwaruzo wa kiko cha Ma Koku. Ikasema polepole:

"Nyegera waitu."

Karibuni, waheshimiwa. Basi, hayo tu. Mwanamke wa Tanga!

Na kile kikapu kule juu kikang'oka na msumari wake, kikashuka bila haraka, kikasimama hewani usawa wa kifua. Kitupu, nimeshakuambia, kahawa iko kwenye basi. Zikaanza kutoka punje. Safari hii hazikumpiga mgeni hata mmoja. Zilikwenda mikononi, mbilimbili, kila mtu na zake. Mpiga picha akapata. Fundi akapata. Salha akakuta kiganja chake kimeshafunguka, punje mbili zimelala ndani, zina joto kama zimetoka juani.

Zangu tu hazikuja mkononi. Moja ilitoka mwisho kabisa, peke yake, ikaja kwa kasi ya kombeo, pa! Mdomo wa chini. Niliona nyota mchana kweupe.

Huko nje mama aliisikia ile sauti. Mkwe wake, baada ya miaka arobaini! Aliinuka mkekani kwa magoti yake yale yanayouma, akaja mbio, anapiga kelele iliyojaa shamba zima:

"Mawe! Mawe! Mawe waitu!"

Ungewaona. Watu wa televisheni wote, chini! Mpiga picha kifudifudi. Mshika kipaza sauti chini ya meza. Fundi kajifunika sufuria kichwani. Salha kaukumbatia mguu wa kiti. Wote walikuwa wamelisoma lile gazeti, wanajua yanayokuja ni makubwa sana.

Nikabaki nimesimama peke yangu, mdomo unavimba, kamera mbili zinaendelea kurekodi. Mama yangu anakuja anamwita mkwewe mama kwa furaha, na watu wamejificha kana kwamba analeta kifo. Nikajiona nina miaka minane, mlango uleule. Ningefanya nini kingine?

"Inukeni," nikasema. "Hakuna mawe. Hayajawahi kuwepo."

Salha akainua kichwa. "Baba, si huyo bibi analia mawe?"

"Anamwita mama. Kwetu mawe ni mama. Na mimi siku ile nilimwita mama. Mwandishi akakosea, nami nikanyamaza, nimekula jina hilo miaka arobaini. Bibi yangu hakumrushia mtu jiwe. Alikuwa anawagawia kahawa wageni tuliowanyima. Humu ndani hakuna mchawi. Kuna mwongo mmoja, na amevaa suti."

Nikawaeleza yote, kibuyu, jikoni, na ile ya makubwa. Fundi akavua sufuria. Halafu chini ya meza mtu akaguna, akabanwa, akaangua kicheko, na kicheko kile kikatembea mtu hadi mtu mpaka kwa mwenye jenereta nje. "Makubwa sana!" Salha alikuwa anajifuta machozi. "Baba, kumbe ilikuwa mimba!"

Mama hakucheka kwanza. Alipiga magoti kizingitini, akaitoa salamu ya mtu kwa mkwewe, yote, bila kuifupisha. Kigoda kikasogea kutoka ukutani mpaka kikamgusa goti. Kidogo tu, kama mtu anayekuambia kaa. Akakaa. Kikapu kikatua mapajani mwake. Akachukua punje akatafuna, na sisi wote tukatafuna zetu. Bi Mwanaidi, sauti yake imemrudia, akauliza, "Dada, nimesema nini? Mbona kinywa changu kinanuka tumbaku?"

Mama akamshika mkono. "Umetukaribisha, mdogo wangu."

Ndipo akacheka. Kicheko hicho mara ya mwisho kukisikia nilikuwa sijang'oa meno ya utoto.

Walipozitazama picha zao, kamera hazikuonyesha kikapu kikishuka. Palikuwa na weupe tu, kama jua limeingia kwenye kioo. Ila sauti ipo. "Nyegera waitu," imo, na Salha hakuigusa. Alichana hadithi yote, akaiandika upya. Sasa ni tamthilia ya bibi aliyekataa kufa kabla wageni wake hawajatafuna. Ilipoonyeshwa, sebule ya mama ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Bibi mmoja, aliyekuwa wa kwanza kuacha kuja kusali kwetu, ndiye aliyefika wa kwanza, ana mkungu wa ndizi kichwani. Mama akamsogezea kikapu. Akatafuna. "Ma Koku alikuwa anatia majani mengi kuliko wewe," akasema. Mama akajibu, "Wewe ulijuaje, na ulikuwa unatafuna kwa kuiba?" Wakashikana mabega wakacheka, na sehemu ile ya tamthilia iliwapita wote wawili.

Asubuhi yake nikamwambia mama nimeleta rangi nyeusi, nafuta maandishi kwenye malori. Jina lilikuwa la uongo, liishe. Akatoka mpaka nyuma ya lori, akasoma kwa kidole, herufi moja moja. Mtoto wa Mawe. Akanigeukia.

"Unafuta nini? Si ndiye wewe?"

Sikufuta.

Kilichobaki ni huu mdomo. Palipogonga ile punje pana kovu dogo, lina mfereji katikati kama kahawa yenyewe. Daktari amelitazama, akaniuliza nimeng'atwa na nini, nikasema na bibi yangu. Kila nikizidisha maneno linacheza. Nilipoandika kwamba paa langu linaonekana kabla ya ziwa, lilicheza mpaka nikaweka kalamu chini. Haya, ziwa linaonekana kwanza. Lakini paa ni jekundu kweli.

Basi nakuonya wewe unayesoma. Ukiingia nyumba ya watu ukapewa punje, usiseme utatafuna ukimaliza. Hujui nani anakutazama. Kikapu cha mgeni usikipandishe juu. Na siku ukiwa Muleba ukasikia mtu anapiga kelele mawe, usilale chini kama wale. Muulize kwanza: yanakuja, au anakuja? Yakiwa yanakuja, kimbia. Akiwa anakuja, fungua mkono.